Waliohama Bila Kuaga

Samia hakuwa mtu wa Kilangala. Alizaliwa Kiswere, pwani, kwa watu wa kuchemsha chumvi, akaolewa bara na Mmwera mmoja mrefu, mpole, mzito wa maneno, jina lake Likwata. Wanawake wa Kiswere walimcheka waziwazi siku anaondoka. Walimwambia anakwenda kuishi na nguruwe. Lilikuwa neno la utani, lakini hawakukosea sana. Katika vilima vile nguruwe-mwitu walikuwa mabwana tangu zamani, na Mdachi alipokuja akawazidishia ubwana. Aliwanyang'anya watu magobole, baadaye akawanyang'anya mikuki na nyavu za kuwindia, halafu akashangaa kwa nini watu hawavuni.

Kwa hiyo Kilangala mtu hakulima peke yake. Nyumba mbili zilishikana, zikalima mashamba yaliyogusana, na zikalindiana. Likwata alishikana na Bakari. Shamba la Likwata lilikuwa juu, limepakana na msitu. La Bakari lilikuwa chini, limepakana na korongo. Katikati palikuwa na njia ya miguu tu, wala hapakuwa na ua. Kila mmoja alikuwa na dungu lake, kibanda juu ya miti, na kamba ndefu zilizofungwa vibuyu vikavu vyenye kokoto ndani. Nguruwe wakija, unavuta kamba, vibuyu vinalia, wanakimbia. Likwata alitazama msitu, Bakari akatazama korongo, na kila mmoja alimpa mwenzake mgongo wake. Bakari aliposikia vibuyu vya juu vinalia alijua mwenzake yuko macho, akajinyoosha kidogo. Hivyo ndivyo watu wa kule walivyopata usingizi, kwa masikio ya jirani.

Mke wa Bakari aliitwa Mwahija. Alimzidi Samia miaka michache, na ndiye aliyemfundisha kila kitu ambacho binti wa pwani hakukijua: kutwanga mtama, kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini, kusema Kimwera bila kuchekwa kisimani. Samia alimwita dada. Walisukana nywele, walizalishana watoto. Ungewakuta pamoja ungedhani wametoka tumbo moja, ila mmoja mweupe kidogo na mwingine mcheshi zaidi.

Ikaja habari ya maji, dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Kila mtu anajua ilivyokuwa, na waliojifanya hawakuyanywa walikuwa wengi baadaye kuliko waliokuwepo. Likwata na Bakari waliyanywa siku moja, kwenye kata moja, wakaenda pamoja kung'oa pamba katika shamba la jumbe, pamba waliyolimishwa kwa kiboko. Samia aliwaona wakirudi na mikono imechanika, wanacheka kama watoto waliotoroka chuo cha Kurani. Hakuwahi kumwona mumewe akicheka vile, wala hakumwona akicheka hivyo tena.

Risasi hazikugeuka maji. Waliorudi walirudi kimya, mmoja mmoja, na nyuma yao wakaja askari na mienge. Ghala zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, visima vingine vikatupiwa mizoga. Watu walikaa porini mpaka mvua zilipokaribia, kisha wakatoka, maana njaa haina subira. Hakuna aliyekuwa na mbegu. Ila Mwahija alikuwa amefukia chungu kimoja cha mtama chini ya mafiga ya jiko lake, na moto wa askari ulipita juu yake bila kukiona. Alikifukua, akakigawa nusu kwa nusu mbele ya Samia, kwa kiganja, kiganja chake na kiganja cha mwenzake. Samia ndiye aliyelia.

Kwa hiyo ule mtama uliosimama katika mashamba mawili masika ya mwaka uliofuata ulikuwa wa chungu kimoja. Ulikuwa umeanza kutoa masuke wakati jumbe mpya, aliyewekwa na boma, alipoanza kuulizia majina. Nani alikunywa maji. Nani aling'oa pamba. Watu wawili wa ng'ambo ya kilima walitajwa, wakapelekwa Lindi wamefungwa mnyororo, na habari iliyorudi ni kwamba wamenyongwa. Hawakurudishwa hata kuzikwa.

Kuanzia siku hiyo Samia hakuwa na raha. Kila mbwa aliyebweka ulikuwa mnyororo unakuja. Likwata alipokwenda dunguni, roho ya Samia ilikaa juu juu mpaka amwone tena. Akaanza kumwambia wahame, waende Kiswere kwa wajomba zake, ambako hakuna anayemjua Likwata wala aliyemwona shambani kwa jumbe. Likwata alikataa kwanza, halafu akanyamaza, na kwake yeye kunyamaza ilikuwa nusu ya kukubali.

Kisha siku moja, akitoka kisimani, Samia akamwona Bakari. Alikuwa amechuchumaa barazani kwa jumbe, kofia mkononi, anazungumza kwa sauti ya chini, na jumbe anamsikiliza. Samia alipita upande wa pili wa njia na mtungi kichwani. Siku chache baadaye Mwahija alimwambia mwenyewe, katika maneno ya kawaida tu, kwamba Bakari amekwenda tena kwa jumbe. Samia hakuuliza kwa nini. Laiti angeuliza. Lakini mwenye hofu haulizi swali ambalo jibu lake amekwisha kulitunga mwenyewe.

Hiyo jioni hakungoja. Alimfuata mumewe shambani, akamkuta anapalilia, akamwambia waondoke kabla ya Ijumaa. Likwata aliweka jembe chini. Alisema sawa, lakini lazima amuage Bakari.

Samia akamwambia aliyoyaona barazani. Likwata alitikisa kichwa. Alisema anamjua Bakari kuliko anavyojijua yeye mwenyewe, na kama Bakari angetaka kumtaja angekuwa amekwisha mtaja. Samia akasema labda hakutaka, lakini kiboko kikishuka mgongoni hakimwulizi mtu anataka nini. Asiyejua walikokwenda hawezi kusema. Kutomwambia ni kumwonea huruma yeye pia. Samia alikuwa na akili, na akili ya mtu mwenye hofu haikosi sababu nzuri.

"Na mtama wake?" Likwata aliuliza. "Tukiondoka upande huu uko wazi. Mwenzangu atalindwa na nani?"

"Mtama unapandwa tena," Samia alimwambia. "Wewe ukinyongwa, nikupande wapi?"

Likwata aliinama, akaokota jembe, akaendelea kupalilia shamba ambalo alijua hatalivuna. Samia alijua ameshinda. Hakufurahi, lakini alipumua.

Likabaki jambo la jirani. Nyumba zile mbili hazikupitisha asubuhi bila kujuliana hali, na mara tu Mwahija angekuta jiko baridi angepiga kelele kilima kizima, kwa wema wake. Samia alihitaji siku kadhaa za kutangulia, na alizipata kwa njia ambayo ni mtu aliyeishi kule tu angeweza kuifikiria. Kilangala, nyumba iliyoingiwa na ndui ilifungwa majani mabichi mlangoni na tawi likalazwa katika njia yake, na hakuna aliyevuka tawi lile, awe ndugu au jumbe, mpaka wenyewe waliondoe. Samia alikuwa na mtoto mchanga wa kike, mzima kabisa, mnene, mwenye meno mawili. Akasema mtoto ana ndui.

Alilisema njiani, kwa mbali, amemfunika mtoto gubigubi kwa kanga. Kumtajia mtoto mzima maradhi yale ni kama kuyakaribisha, na kila mama aliyelelewa vizuri anajua hivyo. Mwahija aliweka mtungi chini, akataka kuja, kisha akawakumbuka wanawe wawili, Somoe na mdogo wake, akasimama palepale. Machozi yalimlengalenga. Aliuliza kama wana chakula. Samia akamwambia wanacho, wasije, dada, tafadhali wasije. Mwahija akaanza kumsomea dua mtoto pale pale njiani, mikono ameinua, na Samia hakuwa na la kufanya ila kuitikia amina. Kila amina ilimchoma.

Waliondoka adhuhuri, jua kali, watu wamejilaza vivulini. Samia alifunga majani mlangoni, akalaza tawi njiani. Alipogeuka hakumwona mumewe. Alimkuta shambani, anafunga ncha ya kamba ya vibuyu kwenye tawi jembamba la mti wa pembeni, ili upepo ukilivuta vilie. Alisema angalau upepo utawatisha nguruwe kidogo. Samia aliona ni jambo jema, akamsaidia kukaza fundo. Wakatia mguu njiani, na vibuyu vikaanza kulia nyuma yao.

Kiswere waliwapokea bila maswali mengi. Wajomba walimpa Likwata jina lingine na kazi ya kukata kuni, na Samia akarudi katika kazi aliyozaliwa nayo: kuchuja maji ya chumvi kwenye udongo wa mikokoni, kuyachemsha katika vyungu, kukomba chumvi na kuipeleka dukani kwa Jafferali, aliyewapa unga na kitambaa. Walishiba. Mtoto akaota meno mengine. Hakuna askari aliyemwuliza Likwata kitu. Kwa kipimo cha mwaka ule walikuwa watu wenye bahati, na Samia alijikaza kufurahi. Likwata hakujaribu. Aliinuka katikati ya chakula, akasimama mlangoni, akatazama upande wa bara. Jina la Bakari halikutajwa katika nyumba ile hata mara moja, wala la Mwahija.

Samia alijiambia kwamba siku za kwanza zikipita, Mwahija atavuka tu lile tawi, atakuta nyumba tupu, atakasirika, atatukana, na Bakari atahamia dungu la juu au atamtafuta mtu wa kushikana naye. Watakuwa wamepoteza urafiki, si zaidi. Alijirudia hivyo kila siku akikoroga chumvi, na moshi ulimsaidia kuficha macho.

Kisha wakaanza kushuka watu wa bara. Kwanza wachache, baadaye makundi: wazee wanaotembelea fimbo, wanawake waliobeba watoto wasiolia. Walikula mizizi njiani, walikula ngozi. Walikaa pembezoni mwa tanuri za chumvi kwa ajili ya joto, wakiomba makoko ya vyungu vya ugali. Samia aliwapa alichoweza na akawatazama nyuso mmoja mmoja, akimwomba Mungu asimwone anayemtafuta.

Alimwona asubuhi moja. Hakumtambua kwa uso, uso haukuwa umebaki. Alimtambua kwa namna alivyomshika binti yake, mkono juu ya utosi, kama alivyozoea kumshika siku zote. Somoe alikuwa peke yake ubavuni kwa mama yake. Yule mdogo hakuwepo, wala Bakari. Samia aliangusha upawa.

Aliwachukua nyumbani. Aliwakorogea uji mwepesi, akawapa kidogo kidogo, maana mtu wa njaa akishiba ghafla hufa. Likwata aliingia, akawaona, akatoka tena bila kusalimu, na hakuonekana mpaka jioni. Mwahija hakuonyesha kushangaa kuwakuta hai. Alipopata nguvu ya kusema aliuliza habari za mtoto, na alipoletewa yule mtoto mnene, ngozi laini isiyo na kovu hata moja, alimtazama sana, akampapasa shavu. Akasema alhamdulillahi, na alimaanisha.

Alisimulia siku iliyofuata, wamekaa wawili penye vyungu, Somoe amelala ndani. Alisimulia polepole, bila kupandisha sauti. Kila asubuhi alipeleka bakuli la uji, akaliacha penye tawi, kwa ajili ya mama wa mgonjwa. Kila alipokwenda kulichukua alilikuta tupu, akamshukuru Mungu kwamba wenzao wanakula. Kumbe walikuwa nyani. Na vibuyu vya juu vilikuwa vinalia, kwa hiyo Bakari alisema ona, Likwata ana mgonjwa ndani lakini hajatuangusha. Watu wa jumbe walikuja siku moja wakimtaka Likwata. Bakari aliwatokea njiani, akawaonyesha tawi, akawaambia ndui imo humo, kama mnataka kuingia ingieni. Wakarudi mbio.

Nguruwe waliuzoea ule mlio upesi. Waliingia kwa juu, wakala shamba la Likwata lote, kisha wakavuka njia ya miguu. Bakari alikuwa anatazama korongo, kama ilivyo desturi, na mgongo wake ulikuwa kwa mwenzake. Kulipopambazuka hapakuwa na mtama wa kuokoa. Ndipo alipovuka tawi, akaenda mlangoni kuwaita, akidhani wamekufa humo ndani. Alivunja mlango akilia.

Baada ya hapo walikula ming'oko, na ilipokwisha wakala kila kinachochimbika. Yule mtoto mdogo alitangulia. Bakari aliugua tumbo njiani, karibu wafike, akalala chini ya kichaka na hakuamka. Mwahija na Somoe walimfukia kwa mikono, si sana, kwa kadiri walivyoweza.

Samia hakujua aweke wapi uso wake. Akasema jambo la kwanza lililomjia, ambalo lilikuwa limemkaa kifuani tangu siku ile ya kisimani. Akasema alimwona Bakari barazani kwa jumbe, mara mbili alikwenda, na yeye akadhani anamtaja Likwata.

Mwahija aligeuka. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha mshangao.

"Alikwenda kuomba ruhusa," alisema. "Ya nyumba mbili, yenu na yetu, tuje huku pwani kuchemsha chumvi tukishavuna. Alisema hatawaambia mpaka jumbe akubali, asiwape tamaa ya bure."

Samia alishuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti mchangani, akamshika Mwahija miguu. Alimwomba radhi. Alimwambia kwamba si Likwata, Likwata alitaka kuaga. Ni yeye aliyemzuia, ni yeye aliyesema uongo wa ndui, na kama kuna laana basi imwangukie yeye peke yake. Alilia mpaka majirani wakachungulia. Alitaka Mwahija ampige, amtukane, ampe chochote cha kubeba.

Mwahija alimwacha alie. Kisha akamwinua kwa mikono ile iliyobaki mifupa.

"Mwenzangu, usinipigie magoti," alisema. "Mimi nilimwambia Bakari maneno hayo hayo, kabla yenu. Nilimwambia tufunge virago tuondoke kimya, tusimuage mtu, wanaotafutwa na jumbe shauri yao. Nilikuwa nimekwisha funga mzigo. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema, tukiondoka bila kusema, wenzetu watalala wakijua tupo."

Samia alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sasa radhi nikupe mimi, kwa lipi? Mimi na wewe ni sawasawa. Mwenye radhi nimemfukia juzi njiani, na hata mahali penyewe sipakumbuki vizuri."

Chungu kilikuwa kinakaukia motoni, na chumvi inaanza kuungua. Mwahija alikiona kwanza. Akavuta kuni mbili nje, akauliza upawa uko wapi, na wote wawili wakaanza kukomba.